Joto la Chatu wa Chamwino

Niliingia Dodoma nikiwa nimekalia injini. Lori letu lilitoka Tunduma na mzigo wa mchele, likatumia siku tatu njiani, kwa sababu ya pancha mbili na kwa sababu dereva alikuwa na shemeji kila mji. Kati ya dereva na utingo, juu ya kifuniko cha injini, palitandikwa kipande cha godoro, na hapo ndipo nilipopewa nafasi. Makambako palikuwa na baridi ya kuuma masikio. Nikajikunja, nikabana paja la kulia kwenye bati lenye joto, nikalala usingizi mtamu kabisa. Tulipofika Iringa nilikuta paja limeota lengelenge la ukubwa wa kiganja, na njia nzima sikuwa nimehisi kitu.

"Wewe ulikuwa unakoroma," dereva aliniambia. "Tukasema mwenzetu anafaidi."

Tukapita Mtera, tukapanda kwenye nchi ya miiba na udongo mwekundu, nami nikashuka Dodoma nachechemea. Kovu lipo hadi leo. Nalitaja kwa sababu baadaye lilikuja kunifaa kazini.

Nilikuja kuvuta nyaya za umeme kwenye majengo ya Mtumba. Nilikuwa nimeshapita arobaini, nina kidato cha nne na ufundi niliouokota njiani: Mpanda kidogo, Kahama kidogo, Tunduma miaka miwili. Sikuwa mtu wa kukaa. Mkataba wa Mtumba ulipoisha nilikuwa nimepanga chumba Chamwino, na nikaanza kuokoteza kazi ndogondogo, soketi hapa, taa ya uani pale. Hivyo ndivyo nilivyoitwa nyumbani kwa mama mmoja, mwalimu mstaafu wa baiolojia, mjane, nikabadilishe swichi ya chumba cha uani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Fundi. Ingia, ila usiegemee hilo sanduku."

Ndani ya sanduku lenye kioo mbele alikuwamo chatu mwenye urefu wa kunishinda kimo, amejikunja kama kata ya kubebea maji. Mwanafunzi wake wa zamani alimleta kutoka Kibakwe ndani ya gunia, akiwa mdogo, baada ya wakulima kutaka kumuua shambani. Mwalimu aliomba kibali cha kumfuga, akapewa, na tangu hapo kila muhula wanafunzi walikuja kumwona. Wengi waliingia wakilia na kutoka wakibishana nani amemgusa muda mrefu zaidi.

Lakini mwaka ule mambo yalikuwa mabaya. Afisa wa wanyamapori aliyekuja kukagua mara ya mwisho alimkuta chatu amekonda, na chumba kina baridi. Akaandika kwamba atarudi mwezi wa saba, na akikuta hali ni ileile, kibali kinafutwa na nyoka anaondoka. Mwezi wa saba Dodoma, anayeujua anajua. Mchana jua linakudanganya, alfajiri unavaa masweta mawili. Na ule ulikuwa tayari mwezi wa tano unaisha. Wiki iliyotangulia chatu alikuwa ametapika panya mzima, hajasagika hata kidogo.

"Tumbo lake haliwaki moto lenyewe kama letu," Mwalimu alinieleza. "Anaazima joto nje. Asipolipata, chakula kinaozea ndani. Wewe ni mtu wa umeme. Nitafutie joto."

Nilikubali kabla sijafikiri. Nadhani nilipenda namna alivyolisema, kana kwamba joto ni kitu kinachopotea na mtu anaweza kutumwa kukitafuta.

Ushauri wa kwanza ulitoka kwa jirani, mama wa Kigogo aliyefuga kuku na kuishi kwenye tembe la udongo upande wa pili wa ua. Aliposikia mimi ni Mnyamwezi aliamua hapohapo kwamba ni mtani wake, na tangu siku hiyo sikupumua.

"Wanyamwezi mlibeba mizigo ya watu mkazunguka nchi nzima," alisema kutoka kwenye ua. "Wewe umezunguka, umekosa hata mzigo, umeishia kumpashia nyoka uji. Wekeni jiko la mkaa humo ndani, mambo yaishe."

"Mtani, moshi utamuua."

"Atakufa akiwa na joto."

Mkaa nikaukataa. Nikafikiria balbu nyekundu ya vifaranga, kama ile iliyoning'inia kwenye banda lake. Mwalimu akaniuliza nyoka atalala saa ngapi ikiwa taa inawaka usiku kucha, na nini kitatokea akiizungushia mwili wake balbu ya moto. Fundi mmoja wa mjini alinishauri niweke kitambaa cha umeme chini ya sakafu ya sanduku, ili apate joto tumboni. Hapo nilipandisha suruali nikamwonyesha Mwalimu kovu.

"Hili nililipata nimelala," nikamwambia. "Joto la chini halikuamshi."

Alilitazama kovu kwa muda, kama anavyotazama mwalimu kazi ya mwanafunzi aliyemdharau kidogo. "Nyoka pia hushtuka amechelewa," akasema. "Basi joto litoke juu."

Nikaenda Majengo kwa muuza mashine za kutotolesha vifaranga. Kwake nikapata vitu viwili. Cha kwanza ni balbu ya kigae, ambayo haitoi mwanga wowote, inatoa joto tu. Cha pili ni themostati, kile kijisanduku kinachokata umeme joto likifika na kuuwasha tena likishuka, chenye waya mrefu na kichwa kidogo cha kuhisi joto. Nilirudi nikiwa nimevimba kifua. Nikafunga balbu katikati ya paa la sanduku, nikaizungushia wavu wa chuma, nikaweka feni ndogo isambaze joto kila kona, nikachomeka.

Sasa niseme kosa langu, maana fundi yeyote wa huku angelifanya. Sisi tumejifunza joto kwa mayai. Mashine ya mayai inasifiwa ikiwa joto lake ni moja juu na chini, kulia na kushoto, na themostati ile ilitoka dukani imeshawekwa kwenye nyuzi thelathini na saba na nusu, joto la yai. Niliishusha kidogo tu, nikaiacha kwenye thelathini na tano. Nikapima kona zote nne, zote zikasoma sawa. Nilijiona bingwa.

Chatu aliingia kwenye karai la maji asitoke siku mbili. Pua yake aliibandika kwenye tundu la hewa.

"Amependa kuogelea," nikasema.

"Anakimbia," Mwalimu akasema. "Fundi, yai likisikia joto limezidi, linafanya nini?"

"Halifanyi kitu. Linakaa."

"Na huyu?"

Jirani, ambaye hakuna mazungumzo yaliyompita, akaingia na beseni la pumba kiunoni. "Hata vifaranga vyangu vinajua," alisema. "Vikisongamana chini ya taa, vina baridi. Vikikimbilia pembeni, nashusha moto. Sina mashine yoyote, natazama vimelala wapi. Wewe Mnyamwezi umemnyima pembeni."

Nimeishi miji mingi, na sijawahi kuambiwa ukweli wangu kwa maneno machache namna ile. Mtu ambaye hajawahi kukaa mahali pamoja ndiye aliyemjengea mwenzake chumba kisicho na pa kuhamia.

Nilibomoa. Nikajenga sanduku jipya la mbao, refu mara mbili ya lile la kwanza. Feni nikaitupa. Balbu nikaifunga mwisho mmoja, ndani ya wavu, na kichwa cha themostati nikakibana palepale, kwenye kimo cha mgongo wa chatu akiwa amejikunja, kwa sababu mwanzo nilikibana juu, kikawa kinapima joto la paa. Nikaiweka nyuzi thelathini na mbili. Mwisho wa pili sikuweka chochote, ila kigae cha kujifichia na karai la maji, nako kukasoma ishirini na sita. Kila upande nikatundika kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha chini kabisa cha usiku, ili asubuhi Mwalimu asome bila kukesha.

Asubuhi ya tano alisoma kumi na tisa upande wa joto. Umeme ulikuwa umekatika usiku, na mbao zangu hazikujua kutunza kitu.

Suluhisho lilikuwa ng'ambo ya ua, nami nilikuwa nikilipita kila siku. Ukiingia kwenye tembe la jirani asubuhi ya baridi, ukuta bado una uvuguvugu wa jana. Nikaenda kumwomba anifundishe udongo wake. Alicheka hadi akakaa chini.

"Amekuja na waya kutoka mjini," alimwambia Mwalimu, "sasa anataka matope ya bibi yangu."

Lakini alikuja. Alichagua mwenyewe udongo wa kichuguu, akauchanganya na majani makavu na samadi, akaukandika upande wa nje wa mwisho wenye joto, nyuma na ubavuni, unene wa kiganja kilichosimama. Upande wa ndani, kati ya udongo na chatu, tuliweka bati jembamba badala ya mbao. Ulikauka wiki nzima. Juu yake niliacha nafasi ya madumu mawili ya maji ya moto, kwa siku ambazo umeme utagoma.

Mwezi wa saba ulipoingia chatu alikula. Hadi siku ya nne hakuwa amemtapika panya. Mwalimu alinipa mkono, akaushika kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Afisa alikuja asubuhi, saa nne, umeme ukiwa umekatika tangu alfajiri na upepo unavuma vumbi. Alitoa kipimajoto chake mfukoni, cha kwetu hakukitaka. Chumba kilisoma kumi na saba. Akafungua sanduku, akakiweka upande wa balbu, akasubiri. Sisi watatu tulisimama kama watoto wanaosubiri matokeo. Ishirini na tisa. Akakiweka tena, akasubiri tena. Chatu alikuwa amelalia bati la ukuta wa udongo, tumbo lina uvimbe wa mlo wa juzi.

"Umeme haupo," afisa alisema.

"Haupo," Mwalimu akajibu.

"Nani amejenga hili?"

"Fundi wangu."

"Waya tu ndio wake," jirani akasema mlangoni. "Joto ni la Wagogo."

Afisa alicheka, akaandika kwamba kibali kinaendelea, akasaini juu ya sanduku lenyewe. Nimefanya kazi kwenye majengo yenye vioo ghorofa nzima, na hakuna hata moja ninaloliota. Lile sanduku naliota.

Nilikaa mwaka mwingine mzima, jambo ambalo si kawaida yangu. Kisha nikaitwa Mpanda, na miguu ikaanza kuwasha. Siku ya kuondoka nilipita kuaga, begi mgongoni, nikanyoosha mkono kurekebisha themostati kama desturi.

"Usiguse," Mwalimu alisema. "Kaa hapo, utazame."

Alichomoa waya mwenyewe, akafuta vumbi kichwa cha kuhisi joto, akakirudisha kwenye kimo chake, akabonyeza hadi thelathini na mbili. Akasoma vipimajoto vyote viwili kwa sauti. Akagusa udongo kwa nyuma ya mkono, kama mtu anavyomgusa mtoto paji la uso. Hakukosea popote.

"Utapita lini tena?" jirani akauliza.

"Nitapita, mtani."

"Muongo," akasema, na akanifungia mayai sita ya kuchemsha kwenye kitambaa.

Wakati tunasemezana, chatu alijikunjua upande wa balbu, akateleza taratibu hadi mwisho wenye ubaridi, akajikunja upya chini ya kigae. Nikasubiri hadi mkia wote umeingia. Kisha nikatoka.