Rehema Poni Alikuja Mvua Ikinyesha

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize. Haya yalinikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, mjini Arua, miaka ile ya tisini.

Nilikuwa karani wa kompyuta katika ofisi ya kutafuta watoto waliopotea vitani, watu walipokimbilia Sudan na Zaire. Kila kambi ilikuwa na faili zake: jina la mtoto, la mama yake, na alama ya mwilini. Mtu akitoka Koboko, tulitafuta kwenye faili za kambi ya Koboko tu. Ndivyo tulivyozoea.

Ilikuwa Alhamisi. Kesho yake nilikuwa nafunga ndoa na Zubeda wa Lobule. Mimi mwenyewe niliokotwa vitani nikiwa mdogo, nikalelewa Ajia, na ukoo wa walionilea ndio ukawa wangu. Wazee waliulizana koo, tusije tukawa ndugu, wakaridhika.

Mvua ilikuwa inamwagika. Akaingia mama mmoja, nguo kavu kabisa. Wallahi, kavu!

“Mwanangu, tafuta jina yangu. Rehema Poni, ya Koboko.”

Nikatafuta faili za Koboko. Hakuna kitu.

“Tafuta kwa yote,” akasema. “Iko watoto yangu wawili.”

Nikaandika grep "Rehema Poni" */*, yaani amri ya kutafuta jina, na zile nyota maana yake kila faili ya kila kambi. Mistari miwili ikatoka. Wa kwanza, kambi ya Sudan: Zubeda, kidole cha mwisho cha mkono wa kulia hakipo. Kidole kile si nilikuwa nakijua? Wa pili, kambi ya Zaire: mvulana, kovu la moto goti la kushoto, na jina ni langu. Mimi huyu! Nikakunja suruali, nikalitazama goti langu. Kovu lilikuwepo.

Nikageuka. Kiti kitupu. Sakafuni hata tone la maji hakuna.

Jioni hiyohiyo nilifika Lobule kwa mama aliyemlea Zubeda. Nilipotaja jina, alikaa chini palepale.

“Poni? Si tulimzika njiani, tukikimbia kwenda Sudan! Alikufa akilia ile mtoto yake mwanaume iliyopotea.”

Ndoa ilivunjika, mbuzi wameshachinjwa. Zubeda ananiita kaka, lakini mpaka leo hatuwezi kutazamana machoni.

Kwa hiyo wewe uliyeokotwa vitani, nakuomba, usioe kwa ukoo wa waliokulea peke yake. Tafuta kwa yote. Mimi mama yangu nilikaa naye chumba kimoja, na sikumwita mama yangu.