Fyuzi Niliyomwahidi Baba

Nilimwambia baba fyuzi itakatika, tena nilimwambia kwa kiburi. Soko huria lilikuwa limeshafika hadi kwetu Kilangala. Mfanyabiashara aliyekuwa akituuzia umeme aling'oa jenereta lake la dizeli, akaweka paneli za jua na inveta, mashine ya kugeuza umeme wa jua uweze kutumika majumbani. Hesabu za fyuzi akanipa mimi, binti pekee wa kijiji aliyesomea umeme.

Baba alilinda ghala la korosho lenye mlango wa chuma. Aliniuliza, "Mwanangu, waya ukigusa huu mlango je?" Nikamcheka. "Baba, ikipiga shoti fyuzi inakatika, umeme unazima. Wewe chunga korosho zako."

Kwenye kompyuta nilikuwa na kielelezo cha lile jenereta, mfano wa kujaribia shoti kwa hesabu. Nilibadilisha jina tu, nikaandika inveta. Uvivu huo, nisiupambe. Jenereta likipigwa shoti humwaga umeme mwingi kwa mkupuo, fyuzi ikayeyuka. Inveta hujihurumia, hubana umeme usizidi sana ule wa kila siku. Fyuzi haishtuki.

Panya walitafuna waya pale kizingitini. Asubuhi baba akaja kufungua, akashika komeo. Alikutwa hapohapo.

Msibani watani wakaja na vituko vyao. Mmoja, mama mtu mzima, alivaa koti la baba, akagusa mlango, akajibwaga chini. "Jamani, binti yangu kasoma, umeme haukusoma!" Watu wakacheka, na mtani hakatazwi. Maskini, hakujua amesema nini. Nilikimbilia nyuma ya nyumba nikalia mpaka sauti ikakauka.

Baada ya arobaini nilifungua kompyuta, nikaichora inveta kama inveta. Humo kwenye kompyuta nikaupiga shoti ule mlango. Fyuzi haikukatika. Nikarudia, nikarudia tena, kana kwamba ningeibembeleza ingekubali. Wapi!

Mama alikuwa akiwaambia wageni kazi ya Mungu haina makosa. Sikuweza kuvumilia Mungu asingiziwe kosa langu. Nikamweleza yote, neno kwa neno. Hakuinua macho, aliendelea kubangua korosho. Kisha akauliza, "Umekula?"

Miaka imepita. Shikamoo yangu anaiitikia vizuri, ananiombea dua, na samaki ananiwekea kipande kinono. Ila balbu ikiungua nami nimekaa pale pale sebuleni, mama anatoka kwenda kumwita jirani.