Mwanya wa Mke wa Seremala

Kaka yangu amepiga picha miaka ishirini na sita, na mtaani wanamwita Bwana Cheka, maana habonyezi kamera mpaka ucheke. Hata kama hamjuani atakuita shemeji, atakutania mpaka meno yote yawe nje. Mimi dada yake nachapisha picha chumba cha nyuma.

Mwaka juzi akaweka kwenye kompyuta programu ya kupendezesha sura. Unabonyeza mara moja, chunusi kwisha. Alivyonogewa! Kila uso ukapitishwa humo, na picha ya mwanzo akaifuta ili mashine isijae. Nikamwambia, "Kaka, tunza za mwanzo." Akanijibu, "Nani anataka chunusi zake?" Haya, sikio la kufa halisikii dawa.

Jumanne akaingia seremala wa mtaa wa pili, mtoto wa miezi minane begani. Mkewe alikuwa amefariki Jumapili, na simu yenye picha zake iliibwa zamani.

"Alipigwa picha hapa kabla hajajifungua, hatukuwahi kuichukua," alisema. "Nataka kubwa."

Nikaichapisha. Kaka akampa kwa mikono miwili. Seremala akaitazama, akaisogeza dirishani, akaitazama tena.

"Bwana Cheka, huyu nani?"

"Shemeji, si mkeo?"

"Mke wangu mweusi! Huyu mweupe. Na pua hii kaitoa wapi? Mwanya wake uko wapi?"

Mungu wangu! Nilisogea kuangalia. Yule mama nilimjua. Ule mwanya ulikuwa ukimfanya seremala asahau nyundo yake. Mashine imeuziba kama kasoro, imemchubua ngozi, imemchonga pua. Nikafungua picha nyingine, na nyingine: walimu, mabibi harusi, wazee wa watu, wote wamechubuliwa, wote pua moja! Nimezichapisha kwa mikono yangu hii. Macho nilikuwa nimeyaweka wapi?

"Ya mwanzo iko wapi?" seremala akauliza.

Kaka akainamia kompyuta, akawa anatafuta picha aliyoifuta mwenyewe.

"Mtoto huyu hatamkumbuka mama yake. Atamjua kwa hii."

Akachomoa penseli sikioni, akailaza picha kifudifudi mezani kwetu, akaandika nyuma yake taratibu: *Mama yako alikuwa mweusi. Alikuwa na mwanya.*

Kisha akamhamishia mtoto bega la pili, akatoka.