Gauni Lililotoka Kwenye Televisheni

Sisi wa Walukuba, mtaa wa Jinja, tulikaa jirani na bwawa linalopeleka umeme nchi nzima, na jioni tuliwasha mishumaa. Nasema hivi mapema ili mtu asije akaniuliza kwa nini fundi mzima wa cherehani, mwenye wateja pale Jinja, alipanda gari mpaka Mbale kwenda kutazama televisheni. Mbale kulikuwa na umeme, kulikuwa na mdogo wangu, na mdogo wangu alikuwa na televisheni. Sisi umeme ulitupitia juu ya vichwa, kwenye nyaya, ukaenda zake kwa wenyewe.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini. Kiwanda cha nguo alichofanyia kazi mume wangu kilikuwa kimefungwa, naye alishinda kwenye ubao wa omweso na wenzake, wakihamisha mbegu shimo hadi shimo, wakingoja kiwanda kifunguliwe. Mimi sikungoja. Niliweka cherehani yangu ya miguu kwenye baraza ya duka nikashona. Nilishona gomesi za akina mama, zile zenye mabega yaliyochongoka kama paa la kanisa, nikashona na yunifomu za shule na mapazia ya watu wasiotaka jirani aone wanakula nini. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mambo ya vitabu vya mitindo na karatasi za kukatia sikuyajua. Nguo nikiiona mara moja, naikata. Lakini lazima niione. Mtu akija kunieleza kwa mdomo namwambia aende akawaeleze wa redio.

Asubuhi moja akaja askari wa jela. Mwanamke mrefu wa kaskazini, buti zinang'aa, sauti ya kuwaita wafungwa kutoka mwisho wa shamba. Alisalimia kwa Kiswahili na baraza nzima ikanyamaza. Kwetu Kiswahili kilikuwa lugha ya wanajeshi, na miaka ile kikivaa buti, watu bado walikuwa wanatafuta mlango wa nyuma.

"Wewe ndiye dada ya yule mama ya televisheni, kule Mbale, mtaa wa Nabuyonga?"

"Mimi ndiye fundi, afande. Kama umekuja kukamata mtu, mume wangu yuko pale kwenye omweso. Mchukue."

Alinitazama kwanza, halafu akacheka mpaka kofia ikaanguka. Kumbe alikuwa amehamishwa Jinja kutoka jela ya Mbale, na huko alipanga chumba jirani na mdogo wangu. Mdogo wangu ndiye aliyemwelekeza kwangu. Sasa anaolewa. Bwana arusi ni mwoka mikate wa Mafubira, mwanamume mfupi, mpole, nilikuja kumwona baadaye. Ukimsimamisha karibu na afande unadhani ni mfungwa wake.

Alichotaka ni gauni la bibi arusi wa kwenye mchezo. Ulikuwa mchezo wa mapenzi kutoka ng'ambo, ukionyeshwa na kituo cha Kenya ambacho antena za Mbale zilikishika na za kwetu hazikukishika. Msichana wa mle ndani alikuwa anakaribia kuolewa tangu sijui lini, na shangazi ya bwana arusi kila mara anaweka kikwazo. Afande, akiwa bado Mbale, alimwona msichana huyo akijaribu gauni lake mbele ya kioo. Tangu siku ile hakulala vizuri.

"Haya, iko namna gani?"

"Juu bluu. Katikati kama chungwa. Chini kijani, mama, kijani ya mahindi baada ya mvua."

"Hiyo ni gauni au ni bendera?"

"Usinicheke." Akakaa kwenye benchi langu, benchi likalia. "Mimi kwetu nilivaa nguo za dada yangu akizichoka. Shule nikavaa yunifomu. Nikatoka shule nikaingia jela."

"Wengine huingia kwa kosa."

"Mimi niliingia kwa mshahara, na hapo pia yunifomu. Mpaka leo sijavaa nguo niliyoichagua mwenyewe. Siku moja tu, mama. Nataka watu wanitazame waseme, hii ni ya huyu, hakupewa na serikali."

Nilikuwa na maneno mengine mawili matatu ya kumtania. Niliyameza. Nikamwambia asimame nimpime. Tepu ilipofika kiunoni ikanipa habari ambazo mama mkwe wake alikuwa bado hajazipata. Nikamtazama. Naye akatazama barabarani.

"Niache nafasi kidogo hapa?" nikauliza.

"Acha kubwa," akasema.

Arusi ya kwenye mchezo ilikuwa ioneshwe juma lile lile. Akanilipia nauli niende nikaione nguo kwa macho yangu.

Sebule ya mdogo wangu kule Nabuyonga ilikuwa imejaa kama misa ya Krismasi. Jirani kila mmoja amekuja na kigoda chake na mtoto wake wa kunyonya. Shemeji yangu, Mkenya, dereva wa lori, alikuwa amekaa mbele kabisa kama mwenyekiti wa kijiji, maana televisheni ilikuwa yake. Mimi nikakaa nyuma na kununa. Niliona ni upuuzi mtupu, watu wazima wenye vyungu jikoni kukaa kulilia wazungu.

Picha ikaja. Nikaangalia. Nikamgusa mdogo wangu.

"Kwa nini huyu mwanamume ana nywele za bluu?"

"Dada, tulia."

"Na yule shangazi. Uso bluu, kifua chungwa. Amepigwa?"

"Dada!"

Bibi arusi akaingia kanisani. Kweli, kama afande alivyosema, bluu mabegani, chungwa kiunoni, kijani chini. Lakini kanisa nalo lilikuwa hivyo hivyo. Padri hivyo hivyo. Na msichana alipopiga magoti, kichwa chake kikawa cha chungwa, alipoinama kusali kikageuka kijani. Hapo ndipo nilipoliona lile karatasi la plastiki lililobandikwa mbele ya kioo, lile la mistari mitatu lililokuwa likiuzwa sokoni, la kuifanya televisheni ya nyeusi na nyeupe ionekane ni ya rangi.

Nikasimama. "Shemeji, toa hiyo plastiki."

Ungedhani nimesema watoe mtoto kafara. "Nani huyo?" "Ametoka wapi?" "Asiguse rangi yetu!" Mdogo wangu akanivuta gomesi. Nikawaambia mimi nimetoka Jinja, niko kazini, nguo siwezi kuikata kupitia karatasi la sokoni. Shemeji ni mtu wa barabara, anaelewa neno kazi. Akaibandua.

Msichana alikuwa amevaa nyeupe. Nyeupe tu, kama shuka. Mikono ya kawaida, kiuno cha kawaida, hata pindo halikukaa sawa.  Halafu mama mmoja akasema taratibu, kama aliyefiwa, "Kumbe ndivyo alivyo?"

"Rudisha," mwingine akasema. Wote wakapokea, "Rudisha, rudisha!" Shemeji akairudisha haraka, na watu wakapumua.

Nikae kwa nini? Nguo nilikuwa nimeshaiona, ningeweza kutoka. Sikutoka. Yule shangazi aliingia kanisani na bahasha mkononi, msichana akazimia, na mchezo ukakatwa hapo hapo, waje watuambie juma lijalo. Mimi niliyenuna ndiye niliyepiga kelele kuliko wote. Nilimwita yule mwanamke majina ambayo mume wangu hajawahi kuyasikia, na yeye ameyasikia mengi.

Niliporudi Walukuba afande alikuwa ananingoja benchini. Nikamwambia moja kwa moja, mimi sijui kuzungusha. Nguo ni nyeupe. Zile rangi ni plastiki ya shemeji yangu.

 Akavua kofia, akaizungusha mikononi.

"Nyeupe," akasema. "Kama mama mkwe anavyotaka. Kama mchungaji anavyotaka."

"Itakuwa rahisi. Nyeupe nashona nimefumba macho."

"Nyeupe kila mtu anavaa. Hiyo nayo si yunifomu?" Akainua kichwa. "Mimi nilipenda ile niliyoiona."

"Afande, ile uliyoiona haipo."

"Basi ishone iwepo."

Nilibishana naye. Nilimwambia watu watasema fundi amelewa. Nilimwambia mama mkwe atakufa kanisani na tutakuwa na matanga juu ya keki. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama anavyowasikiliza wafungwa wenye malalamiko, kisha akauliza, "Utaanza lini?"

Sasa niwaambie watu wanaodhani ushonaji ni kukanyaga pedali. Kuunganisha vitambaa vitatu si kazi, hata mwanafunzi anaweza. Lakini kwenye ile televisheni bluu haikukatika ikaanza chungwa. Ilikuwa inayeyuka. Unatazama bega, unashuka, hujui ni wapi imekwisha. Kupata hiyo kwenye kitambaa kulinisumbua. Nilijaribu satini, ikatoa mistari kama ya soksi za mpira. Nikafumua. Nikajaribu kutia rangi kwenye beseni, ikatoka kama ugonjwa wa ngozi. Mwisho nikapata shifoni, ile laini inayoonyesha mkono upande wa pili. Nikaweka satini nyeupe chini, juu yake shifoni ya bluu ikishuka hadi chini ya kifua, na ya chungwa ikianzia juu zaidi, ndani yake, zikapandana, na ya kijani vivyo hivyo ndani ya chungwa, ikishuka mpaka pindo. Pale zilipopandana jua likipita, hakukuwa na mstari. Kulikuwa na rangi ambayo sina jina lake.

Nilipoiona mara ya kwanza nimeitundika kwenye nguzo ya baraza, nilikaa chini. Nilikuwa nimeshona tangu nikiwa msichana, mapazia na gomesi na kaptula, kazi nzuri, watu hawakurudisha. Lakini siku zote nilikuwa nikishona kitu ambacho mtu mwingine ameshakishona. Hiki hakikuwapo popote. Hata wazungu wenyewe hawakuwa nacho. Mume wangu akaacha omweso akaja, akazunguka, akasema, "Ni nini hiki?" Kwa mume wangu hiyo ni sifa. Siku zile nilikanyaga cherehani huku nikiimba wimbo wa mwanzo wa ule mchezo, bila maneno, maana maneno sikuyajua.

Arusi ikafika. Afande akaingia kanisani na kila shingo ikageuka. Jua lilipita dirishani likampata ubavuni, na ile shifoni ikafanya nilivyotaka ifanye. Mchungaji alisahau alikuwa anasoma wapi. Mama mkwe akanigeukia, maana walinikalisha nyuma yake.

"Nyabo, mama fundi, ndiyo nini hii umetushonea? Nyeupe iko wapi?"

"Nyeupe iko chini," nikamwambia. "Ndani kabisa."

Hapo hapo mlango ukafunguka, akaingia mdogo wangu na majirani wake wa Nabuyonga, wamechelewa kama kawaida yao. Walimwona bibi arusi wakasimama katikati ya njia.

"Ndiyo ile!" akapiga kelele yule mama aliyesema siku ile kama amefiwa. "Ndiyo yenyewe, ile ya kwenye televisheni!"

Wakapiga vigelegele. Hao ni watu walioiona plastiki ikibanduliwa mbele ya macho yao! Lakini waliapa kwa mama mkwe, mmoja baada ya mwingine, kwamba gauni la kwenye mchezo liko hivi, na kule ng'ambo matajiri wote wanavaa hivi. Mama mkwe akalitazama tena. Akanyoosha kitambaa chake cha kichwa, akakaa kama mtu ambaye mwanawe ameoa ng'ambo. Bwana arusi mwenyewe hakuwa ameona kitu kingine tangu mlango ulipofunguliwa.

Kama ningekuwa na akili ningemaliza hapa. Lakini mambo hayakuishia hapo, kwa sababu watu ni watu. Baada ya arusi ile baraza yangu ilijaa. Mke wa mkubwa wa jela alitaka gauni la televisheni. Mwalimu wa Mafubira alitaka, wanakwaya wakataka, wanawake wa askari wakataka, hata mwuza samaki mmoja alilitaka la kuvaa sokoni. Nilishona. Ningewafukuza? Siku ya Jumapili ukisimama mlangoni mwa kanisa unaona bluu, chungwa na kijani kutoka benchi la mbele mpaka la nyuma, wote mstari mmoja.

Afande akaja kwangu na buti zake, tumbo limetangulia. Hakusalimia.

"Mama, umeona Jumapili?"

"Nimeona. Walipendeza."

"Umewashonea wote yunifomu!" Akaonyesha mkono kuelekea kanisani. "Nasimama katikati yao kama niko gwaride. Bado tu mtu aseme kulia geuka."

Nilicheka, sikuweza kujizuia. Naye alinikazia macho mpaka midomo yake ikaanza kumsaliti, akacheka, akashika tumbo, akakaa kwenye benchi langu, na benchi likalia kama siku ya kwanza. Tulipotulia nikamuuliza anataka nini, maana fundi lazima aulize.

 Kisha akainama karibu na sikio langu asisikiwe na wale waliokuwa wakingoja zamu.

"Mtoto akizaliwa tutambatiza. Nishonee nyeupe."

"Nyeupe? Sasa?"

"Nyeupe tupu. Kama shuka. Hakuna mtu Walukuba nzima anayo."

Nikatoa tepu.