Filimbi Asiyoisikia Fundi Anatole

Gari la Mama Georgette liliporudi kwa fundi Anatole mara ya tatu, hakuna aliyesalimia vizuri. Ni gari kuukuu la dizeli, lenye turbo, ambalo hupeleka ndagala, dagaa wa ziwani, kwa wachimba dhahabu wa Lulimba. Kwenye tambarare linakwenda. Likianza kupanda mlima linaishiwa nguvu na kutoa moshi mweusi, hadi abiria waliokaa juu ya mizigo wanaanza kusali.

Anatole alikuwa amechoka. Mara ya kwanza alibadilisha filta ya hewa. Mara ya pili alifungua pua zinazopulizia dizeli ndani ya injini akazisafisha, akalaumu mafuta ya madumu. Sisi wa mji wa Baraka hatukumzoea hivyo. Kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa kusikiliza: anafungua boneti, anafumba macho, anautaja ugonjwa. Kuna madaktari wangefaa waje wajifunze kwake, nasema bila aibu. Safari hii gari likimshinda, Mama Georgette angelipeleka kwa mafundi wa Uvira, na jina la fundi lingezikwa bila hata matanga.

Alifungua boneti, akafumba macho. Wilfried, dereva, akakanyaga mafuta.

"Si unasikia?" Mama Georgette aliuliza. "Iko inalia sawa filimbi. Kasauti kadogo."

"Wapi?"

Mama alidhani anajaribiwa. "Pale chini, Papa Anatole. We hausikie?"

Angeweza kudanganya. Alikuwa akidanganya tangu mvua za mwaka jana, kwanza nafsi yake, kisha sisi. Mimi nauza vipuri mlango wa pili. Nilimwona akiwaitikia watu kwa kichwa tu, nikasema mzee ameanza maringo, na leo naona haya. Mficha maradhi kifo humuumbua. Yeye aliumbuliwa na gari la ndagala, mchana, mbele ya mteja.

"Mama, mi sisikie," alisema. "Moteri naisikia. Hiyo filimbi, hapana. Masikio yangu iko inakufa."

Nilitarajia mama amkaripie. Mama Georgette alikaza kitenge chake, akainama juu ya injini.

"Basi weka mukono. Mi nitakuambia."

Mkono ulitembea polepole, mama akisema si hapo, shuka, shuka tena, mpaka vidole vikafika chini ya mpira unaopeleka hewa kutoka turbo hadi injini. Upepo wa moto ukampiga kiganjani. Mpira ulikuwa umepasuka upande wa chini, mahali jicho halifiki, na hewa yote ya kupandia mlima ilikuwa ikivujia hapo. Nilimtafutia mwingine dukani kwangu. Akaufunga. Wilfried akaenda kulijaribu gari mlimani, akarudi anacheka, moshi hakuna. Anatole hakucheka. Alikaa juu ya tairi bovu akajifuta mikono muda mrefu kuliko uchafu ulivyohitaji.

Mengine alinieleza kesho yake. Nyumbani kwake analea mjukuu wa miaka minne, Merveille. Kila mgeni aliambiwa na Anatole kwamba mtoto huyu ni mpole, hana maneno. Jioni ile alichuchumaa mbele yake, akamtazama usoni kwa karibu. Midomo ya mtoto ilikuwa inacheza. Ilicheza muda mrefu, sauti isimfikie, kisha ikatulia, na mtoto akamngojea babu yake amjibu.