Rada, Mama Mdogo na Nikahi ya Majini

Mama mdogo alinipigia simu kazini, Oud Metha, hapa Dubai, mara tu mvua ilipokatika. Hakusalimia. Watu wa bwana harusi walikuwa wamempigia kutoka Dubai Investments Park kusema kwao kumejaa maji, nikahi ya jioni ile iahirishwe. Ilikuwa mara ya pili kuahirisha.

"Hawamtaki mwanangu," alisema. "Wanatafuta sababu. Wewe si unaitazama dunia kutoka juu? Hebu tazama!"

Kazi yangu ni kusoma picha za rada za setilaiti, hasa mafuriko na mafuta yanayomwagika baharini. Rada haihitaji jua wala haijali mawingu. Hutuma mawimbi yake yenyewe na kupokea yanayorudi. Maji yaliyotulia huyatupa pembeni mawimbi hayo, basi penye maji huonekana peusi. Niliwahi kuieleza familia haya tukiwa mezani, na tangu siku hiyo mama mdogo haanui nguo juu ya paa bila kujitanda. Nimemwambia mara ngapi kwamba nukta moja ya picha humeza gari zima! Hasikii.

Nikafungua picha mpya. "Mtaa wao hauna weusi, ni mweupe mtupu," nikamwambia. "Ila sikiliza, katikati ya majengo..."

Alikwisha kukata simu.

Nilitaka kumwambia kwamba penye kuta mambo hugeuka. Maji huurushia ukuta mawimbi, ukuta nao huyarudisha, na kichochoro kilichofurika huweza kung'aa kuliko kikavu. Nilimpigia tena na tena, simu inatumika. Alikuwa anamweleza mama wa bwana harusi kwamba setilaiti imemuumbua.

Alasiri yeye na mumewe, baba mdogo, wakanipitia kwa pikapu, masufuria ya biriani nyuma: kama kwao ni pakavu, nikahi ingefungwa huko huko. Bibi harusi alibaki nyumbani Garhoud, ilivyo desturi. Njia nzima nilieleza habari za kuta. Mama mdogo alitazama dirishani.

Tulikuta maji ya magoti. Pikapu ikazimika mbele ya jengo lao. Mama wa bwana harusi alikuwa dirishani, ghorofa ya kwanza.

"Karibuni! Huko angani mliona pakavu?"

Nilitamani ardhi inimeze, nayo ilikuwa chini ya maji. Nikamtazama mama mdogo. Alijitanda upya mpaka machoni, nikamwonea huruma. Kumbe hasira zote zile zilikuwa hofu.

Mara bwana harusi akatoka, kanzu ameifunga kiunoni, peku, sheikh wa mtaa nyuma yake.

"Baba, walii wa kumwozesha ni wewe, na umefika," akamwambia baba mdogo. "Mashahidi ni shemeji huyu," akanionyesha mimi, "na jirani yangu. Yalla, tunangoja nini?"

Jirani, mlinzi Mganda aliyekuwa akichota maji mlangoni, akaweka ndoo chini. Baba mdogo akampigia simu binti yake kumuuliza kama yu radhi.

"Niko radhi! Harakisheni kabla mama hajafungua mdomo."

Baba mdogo na bwana harusi wakapanda nyuma ya pikapu, wakashikana mikono kati ya masufuria, sheikh akaifunga nikahi. Mama mdogo akalia bila kujificha. Mama wa bwana harusi akateremka, akaingia majini na buibui lake, akamkumbatia.

"Nilidhani mwanao hamtaki binti yangu," mama mdogo akasema.

"Huyu? Tangu asubuhi nimemfungia mlango, asije kwenu akiogelea."