Maji ya Kijani

Mtaani walimwita Mzee Rejeta, na hakuna aliyemwita hivyo kwa heshima. Ukimsalimia tu, ukajisahau ukamuuliza gari linaendeleaje, umekwisha: utasimama juani ukisimuliwa habari za mipira, mikanda na feni mpaka shughuli iliyokutoa nyumbani ikupotee kichwani. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, la kuvuta kwa magurudumu yote manne, la enzi zile bati lilipokuwa bati kweli, na rangi yake hata mwenyewe hakuwa na hakika nayo tena. Vijana wa kijiweni walimtania kwamba akilipeleka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu atatajirika. Naye aliwajibu kwamba wao wakipelekwa huko, watarudishwa.

Waliomcheka walijua, ila walijisahaulisha, kwamba gari lile halikuwa la safari tena. Lilikuwa la mke wake.

Katika miaka yao ya nguvu mke alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, akizunguka minada na magulio, na mume ndiye aliyemwendesha. Mke akamwita mumewe Dereva. Mume akamwita mkewe Bosi. Ulianza kama utani, mwisho yakawa ndiyo majina yao hata wakigombana. Bosi alikaa kiti cha mbele, mkoba kwapani, akitoa amri: pita huku, simama pale, yule usimwamini, anapima kwa mkono mfupi. Dereva alitii huku akinung'unika kwa raha zake.

Kisha Bosi akaanza kusahau. Zilianza funguo, zikafuata sufuria motoni, ikafuata njia ya kurudi kutoka dukani. Mwishowe akamsahau na mumewe. Alimtazama kama anavyotazamwa mpangaji mgeni, akamwambia, "Wewe bwana, nifungulie mlango. Nataka kwenda kwetu." Alizunguka chumba hadi chumba akivuta vitasa na kulia, na kilio chake kilikuwa cha kitoto, kisichobembelezeka.

Kitu kimoja tu kilimtuliza. Ukimpandisha kile kiti cha mbele, ukawasha injini, alinyamaza. Hawakwenda popote. Gari lilinguruma pale pale uani, naye ameegemea dirisha, akitazama ukuta wa jirani kana kwamba mashamba yanapita.

Sasa, kuliacha gari kuukuu lingurume huku limesimama ni kulitafutia maradhi. Hakuna upepo wa mwendo unaopita kwenye rejeta. Kazi yote imeachiwa feni na pampu ya maji. Mshale wa joto hupanda kidogo kidogo, na ukikaribia alama nyekundu huna budi kuzima. Na ukizima, Bosi anaanza upya. Ndiyo maana yule mzee aliishi ndani ya boneti. Alisugua mapezi ya rejeta kwa mswaki, akayanyoosha yaliyolala kwa kisu butu. Kila asubuhi aliminya mipira ya maji mmoja baada ya mwingine kama mtu anayechagua parachichi, akitafuta uliolegea. Fundi mmoja alimshauri aing'oe themostati aitupe, kama wafanyavyo wengi penye joto. Almanusura mzee ampige kwa spana.

"Huo ndio mlango wa maji!" alifoka. "Kwako unalala bila mlango?"

Walikuwa na mtoto mmoja, binti, mshonaji katika mji wa mbali. Siku moja alipiga simu na sauti yake haikuwa na mzaha.

"Baba, humuwezi tena. Jirani kaniambia kamkuta barabarani, pekupeku."

"Namuweza."

"Na ukiugua? Ukisinzia? Nisikilize, baba yangu. Mwisho wa mwezi nakuja kumchukua. Usinichukie."

Mzee alijua kwamba huko kwa binti kuna ngazi za ghorofa na mlango wa chuma, wala hakuna gari. Alijua pia kwamba Bosi akiondoka, hapatabaki mtu wa kumwamkia. Aliogopa, tena aliogopa sana. Akaamua kwamba mpaka mwisho wa mwezi ufike, lazima Bosi awe ametulia, binti aje aone kwa macho yake, arudi mikono mitupu.

Wiki hiyo hiyo pampu ya maji ikafa. Fundi alipoitoa ilikuwa imeliwa na kutu. "Unalinywesha maji ya bomba miaka yote hii," alisema, "unategemea nini?" Mzee akaenda kununua maji maalumu ya rejeta, yale ya kijani, ambayo hakuwahi kuyatumia maishani. Muuzaji alimwonya: hii ni sumu, na ubaya wake ni tamu, kwa hiyo iweke mbali na watoto. Nyumbani hapakuwa na mtoto, lakini mzee alielewa. Bosi siku hizi alipenda vitamu kuliko chochote. Sukari yenyewe ilibidi ifungiwe. Dumu akalipandisha juu ya kabati, akalisukuma mpaka ukutani.

Ikafuata neema ya siku chache. Gari lilinguruma asubuhi nzima, mshale umetulia katikati, Bosi naye ametulia kitini. Mzee alipita kijiweni kifua mbele, na vijana wakamwacha apite.

Halafu pampu mpya ikaanza kudondosha. Si tone la kutisha, gasketi tu, ile ya kuziba kiungo, haikukaa vizuri. Alisubiri mchana, injini ilipokuwa imepoa na Bosi amesinzia kwenye kiti chake, mlango wazi apate hewa, kikombe chake cha plastiki mapajani. Akafungua kizibo cha chini ya rejeta, akayakinga maji kwenye beseni la kufulia, kama alivyoyakinga maji ya rejeta umri wake wote. Yale ya zamani, ya kutu, hayakuwa na madhara yoyote kwao. Alimwagilia maua, na kuku wa jirani waliyanywa wakaendelea na maisha yao. Mkono una mazoea yake. Dumu alilificha juu ya kabati kwa akili, lakini beseni alilisukuma kando kwa mkono tu, likakaa chini ya mlango uliokuwa wazi, naye akaenda kwa fundi kuomba gundi ya gasketi.

Fundi siku hiyo alikuwa na la kueleza kuhusu mkwewe. Kwa mara ya kwanza mzee ndiye aliyesimama akisikiliza.

Aliporudi, Bosi alikuwa macho, pale pale kitini, mtulivu. Akashukuru. Akapaka gundi, akakaza pampu, akairudisha mipira. Alikuwa anafunga bolti ya mwisho aliposikia kicheko.

"Dereva! Mbona hatuondoki? Soko litafungwa, wewe Dereva!"

Spana ilimponyoka. Jina hilo hakuwa amelisikia tangu mvua zilizopita. Alizunguka mbio mpaka mlangoni, na Bosi alikuwa anacheka, macho yanameta, mashavu yamepata rangi. Ulimi ulikuwa mzito kidogo, lakini nani angejali ulimi? Alimshika mzee kidevu, akamwambia amezeeka vibaya. Mzee alilia na kucheka kwa pamoja, mikono yake michafu ikiwa hewani asijue aiweke wapi.

Akampigia binti. "Sikia! Sikia mwenyewe, usiseme nakudanganya!"

"Kidege!" Bosi alipaza sauti kwenye simu. Lilikuwa jina la utotoni, ambalo hakuna mwingine aliyewahi kulitumia. "Umekula, Kidege wangu?"

Upande wa pili palikuwa na kwikwi tu. Kisha binti akasema, "Kanijua, baba. Mama kanijua." Akapenga kamasi. "Basi, mwache akae. Nitakuja kuwasalimia tu."

Mzee aliweka simu mfukoni akahisi ameshushiwa gunia. Aliirudia kazi akipiga mluzi. Akachota maji ya kijani kutoka beseni, akayamimina kwenye rejeta taratibu mpaka beseni likakauka. Hayakufika shingoni. Alijua tumbo la rejeta ile kama alijuavyo tumbo lake. Akaminya mipira itoe hewa. Mapovu yakatoka, maji yakashuka zaidi. Akalala chali chini ya gari: pakavu. Akaligeuza beseni, akalitazama juani: zima. Palipungua kama kikombe hivi.

Kikombe.

Alisimama polepole, akitamani asifike kule mlangoni. Kile cha plastiki kilikuwa bado mapajani mwa Bosi, na chini kabisa kulikuwa na tone la kijani.

"Bosi. Umekunywa nini?"

"Sharubati," Bosi alisema, akalamba midomo. "Tamu. Imebaki?"

Alijaza rejeta kwa ndoo ya maji ya bomba, akaliondoa gari mbio, honi mpaka hospitali. Bosi alicheka njia nzima na kutoa amri: pita huku, yule usimwamini. Mshale haukucheza, ulikaa katikati, na gari halikuwahi kwenda vizuri kama siku ile. Kwa daktari, mzee hakuficha hata neno moja. Daktari alisema sumu ile huanza kwa kulevya kama pombe, ndipo ile furaha, na dawa ya kuizuia hawana, mashine ya kusafisha damu iko mbali, na watafanya wanaloweza. Kufika jioni Bosi alikuwa amenyamaza. Binti alipowasili, mama yake hakufumbua macho tena, na siku zilizofuata mwili ulivimba mpaka pete ikabidi ikatwe. Daktari alimweleza binti habari za figo. Mengine alimwachia mzee ayaseme mwenyewe.

Walipokwisha kuzika na watu kutawanyika, binti alitoka uani akaketi kwenye kile kiti cha mbele. Mzee akaingia upande wa usukani, kwa kuwa hakujua mahali pengine pa kukaa.

"Nilitaka kukunyang'anya," binti alisema. "Nisamehe, baba. Ulimtunza mpaka mwisho."

Mzee alitazama ukuta wa jirani.

"Ile simu ndiyo inayonishika nisianguke," binti akaendelea. "Alicheka. Alinijua, akaniita Kidege. Hata sijui ulimfanyia nini siku ile mpaka akarudi vile."

Mzee alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, aliyabeba tangu hospitali, na alimtazama binti yake usoni ili ayaseme. Binti alikuwa akitabasamu, machozi yanamtiririka, ameegemea dirisha kama mama yake.

"Alikujua," alisema mzee.

"Washa basi, baba. Kidogo tu."

Akawasha. Mshale ukapanda mpaka katikati, ukatulia hapo.